Nilivyoyumba Mashine Ikiwa Imezimwa

Habari za ubongo nilijifunza mwenyewe, kwenye simu iliyopasuka kioo, katika chumba tulichopanga na kaka yangu mtaani Riruta. Kaka ni fundi wa stima, yaani umeme. Nilipomwambia nimejitolea kufanyiwa majaribio ya umeme katika maabara moja mjini, aliniuliza, "Na mimi niliyepigwa na stima miaka hii yote, mbona sijaitwa?"

Sikucheka. Maabara ile ilikuwa ikitafuta msaidizi. Sina cheti, kwa hiyo nikaona nitaingia kupitia mwili wangu: nitakuwa mtu aliyesimama vizuri kuliko wote waliowahi kusimama pale.

Nilikuwa nimesoma kwamba umeme mdogo ukipitishwa nyuma ya masikio, mtu aliyefumba macho huyumba kuelekea upande wa waya chanya. Wiki mbili nilijiyumbisha kando ya kitanda, kushoto, kulia, kaka akiniwekea pimamaji yake begani, huku akicheka.

Siku yenyewe daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alinibandika nyaya nyuma ya masikio. Akaniambia nisimame tu, nisijaribu lolote. Kabla ya kufumba macho nilichungulia: waya mwekundu, ule chanya, ulikuwa kulia. Kila nilipohisi ngozi ikichomachoma, niliyumba kulia, kwa kiasi, kama nilivyosoma. Mara nne. Nilijivunia, siwezi kuficha.

Baadaye alinigeuzia kompyuta iliyochora mistari ya kuyumba kwangu.

"Mara ya tatu na ya nne, mashine ilichoma ngozi kidogo tu, ikajizima," akasema. "Wewe ukayumba vilevile. Ulisoma, sivyo?"

Nikakiri. Kisha, kwa ujinga wa kutaka kuonekana mwenye bidii, nikamweleza zile wiki mbili za mazoezi, na nikaomba ile kazi.

Aligusa kiti kilichokuwa kando yake. "Msaidizi wangu ataketi hapa aandike alichokiona. Wewe utaniandikia unachodhani nataka kukiona."

Akafuta mistari yangu yote mbele ya macho yangu. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Nilishuka ngazi nimeshika ukuta, ingawa sikuwa na kizunguzungu chochote.

Nilipofika nyumbani, kaka aliuliza kama nilinyooka. Nikamwambia daktari amefurahi, watanipigia simu. Akanishika mkono kunipongeza. Sentensi ile nilikuwa nimeifanyia mazoezi njia nzima, kutoka mjini hadi mlangoni kwetu.