Mchele wa Kuchezea

Kwetu vuli ni mvua. Hapa Eagan, ugenini, vuli ni majani kupukutika, maboga kupangwa kwenye kila mlango, na mwaka huu ikawa pia mwalimu wa chekechea kunipigia simu kazini, niende tuzungumze kabla sijamchukua mtoto.

"Binti yako hachezi," aliniambia. Binti yangu ana miaka minne, na nyumbani hata makochi hayapumziki, kwa hiyo nilidhani amemchanganya na mtoto wa mwenzangu.

Akanionyesha beseni la plastiki. Nikachungulia. Mchele! Mchele mzima kabisa, wa kutosha familia wiki nzima, umetiwa rangi ya chungwa na kuchanganywa na maharage mekundu, punje za mahindi na mdalasini. Ni mradi wa vuli, alisema. Watoto wanazamisha mikono, wanachota, wanamwaga, wanajifunza kwa kugusa na kunusa, kisha wanabandika punje kwa gundi kwenye boga la karatasi. Wenzake wote walifurahi. Wangu alijikunyata, mikono mapajani. Alipobembelezwa sana, akaanza kutenga maharage huku, mahindi kule. Wenzake walipomwaga mchele chini, aliingia uvunguni mwa meza akauokota punje moja moja, mpaka wenzake wakatoka kwenda kwenye bembea. Mwalimu alitaka mtaalamu aje amwangalie, huenda mtoto ana tatizo la milango ya hisi.

Tatizo! Jumamosi mimi na yeye tunakaa sakafuni, sinia katikati, tunachagua mchele wa Kyela tunaoletewa na wageni. Kijiwe anakijua, chuya anaijua. Punje ikidondoka anaiokota bila kuambiwa. Leo adabu hiyo imekuwa ugonjwa?

Nilijaribu kueleza, nikakwama. Kwa Kiingereza kitu hiki kina jina lilelile kuanzia shambani mpaka tumboni. Mimi nina mpunga, nina mchele, nina wali. Hiki cha kwenye beseni, ambacho hakuna atakayekipika, sina jina lake. Nikaishia kusema, "Hiki ni chakula."

Mwalimu akatabasamu. "Tunaheshimu sana utamaduni wenu."

Utamaduni! Kana kwamba njaa ni ngoma yetu ya asili.

"Mkimaliza mnaupeleka wapi?" nikamuuliza.

"Tunautupa. Ukikaa sana unaota ukungu." Alisema hivyo bila hata kupepesa macho.

Nilitaka nimbebe mwanangu niondoke zangu. Lakini mwakani anaanza shule kubwa, na nimeona kwa jirani yangu jinsi neno moja la mtaalamu linavyomfuata mtoto kutoka darasa hadi darasa. Mwalimu mwenyewe akasema, kwa upole wote, kwamba mtoto akicheza leo, hata kidogo tu, hataona haja ya kumwita mtu yeyote.

Basi akaletwa. Nikachuchumaa mbele yake.

"Chezea, mama."

"But it's food, Mama."

"Najua. Wewe chezea tu."

Sauti yangu ilitoka kali, na hasira yenyewe wala haikumlenga yeye. Nilikuwa na hasira na lile beseni, na yule mwalimu na tabasamu lake, na mimi mwenyewe niliyechuchumaa pale.

Alinitazama usoni, akisubiri nicheke ajue ni utani. Sikucheka. Akazamisha mkono mmoja, halafu wa pili. Akachota, akamwaga. Punje kadhaa zikaruka sakafuni, na safari hii hakuzifuata. Mwalimu akapiga makofi.

Binti yangu, ambaye kila nikimsemesha Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza, akanisogelea sikioni na kuuliza kwa Kiswahili, taratibu, ili mwalimu asielewe:

"Na ule mchele wa nyumbani?"