Maharage ya Bibi Generoza

Nianze na kosa langu, maana mama akisoma hapa asije akasema nimelificha. Nikiwa darasa la pili, nilijaza mbegu za Bibi Generoza mdomoni, nikawa nazipuliza moja moja kupitia kikonyo cha jani la mpapai, nikimlenga jogoo wetu. Mpaka leo nikisikia harufu ya utomvu wa mpapai, ulimi unakuwa mchungu. Kikonyo kile ni bunduki nzuri sana: kiko wazi ndani, punje ya harage inapita bila kukwama, na ukipuliza kwa nguvu inafika ukuta wa jirani. Jogoo alikimbia uani kote, nami nyuma yake, nikijiona komando.

Ulikuwa mwaka ule maboti yalipokuwa yakishusha watu kutoka Burundi, ufukweni mwa ziwa kumejaa magodoro na watoto hadi waanika dagaa wanakosa pa kuanikia. Bibi Generoza, shangazi yake mama aliyeolewa huko tangu usichana, alishuka na vitenge viwili, sufuria moja na fundo dogo la kitambaa. Ndani ya fundo mlikuwa na maharage ya mbegu, mekundu, ya njano, meusi, yenye madoa, yote yamechanganywa, kwa sababu kwao hupandwa hivyo hivyo: mvua ikiyashinda haya, yale yanazaa. Wengine walipelekwa kambini, yeye akaja mtaani kwetu, Rusimbi. Hakuwa analia. Alikaa tu kizingitini, na kila tulichosema alijibu "ego", yaani ndiyo. Unamwuliza kama anataka chai au maji, anasema ego.

Mama ndipo akatangaza kwamba ua wetu utageuzwa bustani. Alichora mpango wote nyuma ya karatasi ya kalenda kwa penseli yangu: njia iliyonyooka kutoka mlangoni hadi chooni, matofali pembeni, mchicha kushoto, matembele kulia, maua karibu na dirisha. Kila jioni baada ya chai, tuta moja tu, halafu tunanawa miguu na kukaa. "Polepole," alisema, "hatukimbizwi na mtu." Akamtazama Bibi, akaishika tena penseli. Siku ile ile akachora pembe moja zaidi, akaandika *Bibi*. Na yule bibi wa ego akainuka, akalichukua jembe, akalima pembe yake hadi udongo ukawa laini kama unga. Jioni ile alizungumza sentensi nzima nzima. Alisema anasubiri mvua ya kwanza tu. Fundo akalitundika kwenye msumari jikoni, ambako mimi, komando, nilijichotea risasi.

Mvua ilipokaribia, Bibi alilifungua fundo. Zilibaki punje saba. Alizitazama, akalifunga tena polepole, akarudi kizingitini. Mama hakuuliza nani. Nyumba nzima ilikuwa na mtoto mmoja tu mwenye utomvu kwenye shati. Nilisubiri fimbo, haikuja, na hilo lilinitisha kuliko fimbo. Kwa siku nne Bibi alirudi kwenye ego zake, chakula anakigusa tu, na ile pembe yake ikabaki tupu. Mama alisema sokoni maharage yapo mengi, atamnunulia. Bibi akajibu, "Ego." Hata mimi nilielewa kwamba safari hii maana yake ni hapana.

Kisha mvua ikanyesha kama mtu aliyemwaga beseni. Wiki haikuisha, nikatoka asubuhi kupiga mswaki, nikaona kitu kimeinua kichwa katikati ya njia ya mama. Hatua mbili, kingine. Kwenye mchicha, chini ya mpapai, mbele ya banda la kuku, kimoja kimejibana kando ya mlango wa choo. Kila mahali jogoo alipopita, harage limeota. Nilikimbia ndani, nikasahau hata shikamoo.

"Bibi! Bibi, yameota!"

Alitoka bila kandambili. Alizunguka ua mzima akiwa ameinama, akigusa kila mche kwa kidole kimoja, halafu akaanza kucheka, kicheko kirefu ambacho hatukujua anacho. "Mwananje," akaniambia, yaani mwanangu, "yale meusi uliyapuliza upande gani? Hayo siyaoni." Nikamwonyesha. Siku nzima tulikata vijiti, kila mche ukapata chake cha kupandia, na mama akang'oa matofali yake, akaipindisha njia ili asikanyage hata mmoja.

Sasa niko kidato cha tatu, na mwalimu wa kilimo akiona shamba lisilo na mistari anashika kichwa. Bibi alirudi kwao mwaka juzi, fundo likiwa zito kuliko alilokuja nalo. Matofali ya majirani yamenyooka, ya kwetu bado yanapinda kukwepa maharage yaliyokwisha kuvunwa zamani, na wageni wakielekea chooni wanatembea kama walevi. Huwa nawacheka, halafu naikumbuka jioni ile ya vijiti. Bibi alizitoa zile punje saba zilizobaki, akanipa mkononi. Mama akaziangalia, akaniangalia mimi, akasema:

"Kata kikonyo kingine, umalizie kazi yako. Lakini jogoo akielekea chooni, usipulize."