Hodi Kutoka Matogoro

Kabla ya kustaafu, Fulgence Komba alikuwa mtu wa redio koli, ile redio ya kuitana, huko misheni. Kazi yake ilikuwa kuuliza kama dawa zimefika. Alipostaafu akachukua leseni ya redio ya ridhaa, ambayo humruhusu mtu kuwauliza watu asiowajua kama wanamsikia.

Mkewe, Walburga, hakuwa na ugomvi na redio. Ugomvi wake ulikuwa na waya wa antena uliokatiza ua wao wa Ruhuwiko na kumnyima pa kuanika nguo. Waya ukashushwa. Fulgence akaomba nafasi ya mwisho: antena ya kufunga kwenye gari, aliyoiunda kwa fimbo ya kuvulia samaki, waya wa shaba na kipande cha bomba la maji. Walburga akakubali kwa masharti. Gari lisikwaruzwe. Na asipoitikiwa na binadamu siku hiyo, redio iuzwe.

Ndiyo maana Jumamosi alasiri pikapu yao ilisimama kwenye mteremko wa Matogoro, mabati ya Songea yakimeta chini, na Walburga kiti cha mbele akimenya karanga kama hakimu.

Fulgence aliita. Akaita tena. Redio ilinyamaza kama mtoto aliyeulizwa nani kala nyama.

Alishuka kuikagua antena, akaliona kosa, akatamani asingeliona. Chini ya kitako cha antena alikuwa ameweka kipande cha mpira wa tyubu, rangi isichubuke. Lakini antena ya gari hutaka kukanyaga bati tupu. Bati ndilo ardhi yake. Yeye alikuwa ameivisha viatu.

"Mama Jovina," alisema, kwa sauti iliyovua kofia, "itabidi nikwangue rangi. Kidogo tu, kama kucha."

"Kucha ya nani?"

"Ya kidole cha mwisho."

Walburga akalitazama gari, akamtazama mume. "Kwangua. Usipoitikiwa, redio inauzwa, na gari zima unalipaka wewe."

Alikwangua, akaisimamisha antena juu ya bati tupu. Mara spika ikajaa mvumo, kama mvua inayokuja kwa mbali juu ya mabati, na ndani ya mvumo mlikuwa na watu, lugha juu ya lugha. Walburga akaacha karanga. Fulgence akaita kwa Kiingereza cha leseni, herufi moja moja. Hakujibiwa.

"Ndivyo unavyoingia kwa watu?" Walburga alisema. "Unajitaja mlangoni kama askari. Piga hodi, baba."

Katika kanuni hakuna hodi. Fulgence akabonyeza kitufe. "Hodi! Hodi huko!"

Mvumo. Halafu, mbali kabisa, sauti ya mzee: "Karibu! Karibu sana! Hapa Muhsini, Maskati. Nani anabisha?"

Fulgence akataja jina lake, akaanza tena herufi za leseni. Bahari nzima ilikuwa katikati, na nguvu ya redio yake haikuzidi balbu moja ya zamani.

Walburga akamnyang'anya kipaza sauti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu!"

"Habari za nyumbani? Watoto? Mvua zimenyesha huko?"

"Watoto wazima. Mvua, mwanangu, mwaka huu hata tone."

"Jamani! Poleni," alisema Walburga, akiiangalia ile fimbo kwa huruma, kana kwamba ndiyo iliyokaukiwa.

Mzee akaanza kushukuru. Sauti ikadidimia, mvumo ukaimeza.

Fulgence hakuthubutu kuuliza habari ya kuuza.

Walburga akashuka, akapitisha kidole kwenye bati tupu. "Jumamosi ijayo," alisema, "tumuulize kama imenyesha. Na hapa pakwangue vizuri. Umekwangua kwa woga."