Wimbo wa Chura wa Mwalimu Jerioth

Mtopanga nzima ilijua kuwa hadithi bila Kuluthum binti Badawi ni mchuzi usiotiwa chumvi. Alasiri akidarizi kofia kibarazani, watoto walimzunguka, naye kila hadithi akaitilia wimbo wake mwenyewe. Ukimsikia mtoto akiimba njiani, ulijua ametoka kwa Kuluthum.

Mwaka wa sitini na moja akahamia Jerioth, mwalimu kutoka bara. Siku hizo gari la sinema ya bure lilikuja na katuni ya chura aliyepotewa na sauti. Watoto walicheka hata wakagaagaa, ila wimbo wake ulikuwa wa Kizungu, hawakuambulia neno. Jerioth akautungia maneno ya Kiswahili, na katuni nzima akaigeuza mchezo wa jukwaani.

Kibaraza kikaanza kupwaya. Watoto walipungua wawili watatu, hata siku moja Kuluthum akajikuta peke yake na kofia yake. Uani, bintiye Suad alikuwa akikuna nazi na kuimba:

*Nani kaiona sauti yangu?*
*Niliiacha ukingoni mwa kisima,*
*mvua ikaja, ikaichukua.*

"Weye Suad!"

"Abee, mama."

"Nyimbo gani hiyo?"

"Ya Mwalimu, mama. Nimechaguliwa mimi niwe chura."

"Na zangu zimeota kutu?"

Suad akainamisha uso. Kilichomchoma Kuluthum zaidi ni kwamba wimbo ulikuwa mzuri. Aliporudi kudarizi, akaona sindano yenyewe yaenda na mahadhi yale. Akaitupa kofia.

Kisha akasikia kwamba Tsofa, mpiga ngoma wake katika harusi zote alizoimba, ndiye atakayewapigia watoto ngoma siku ya mchezo. Wivu ukampanda kichwani. Akamwita.

"Jumamosi tuna harusi Likoni. Tangulia, nitakukuta."

"Na Mwalimu je, bibi? Nimemuahidi."

"Mwalimu niachie mimi."

Likoni hapakuwa na harusi, na Mwalimu hakuambiwa kitu.

Jumamosi ukumbi ulijaa pomoni. Kuluthum alikaa mbele, kajitanda buibui lake, akimtazama Jerioth akitoka na kuingia, akichungulia njia. Ngoma ya shule ilikuwa pale, mpigaji hayupo. Mwishowe Suad akatolewa hivyo hivyo, kavikwa kijani. Akauanza wimbo juu mno, sauti ikamkatika. Nyuma watu wakacheka. Akaanza tena, akakwama, na machozi yakimlengalenga akamtazama mamake.

Kuluthum alikuja kuiona aibu ya Jerioth. Hakufikiri kwamba ingepitia kwa mwanawe kwanza. Akainuka, akapanda jukwaani, akaikalia ngoma. Akapiga polepole, chini kabisa, hata Suad akapata pa kushika. Wimbo uliporudiwa mara ya tatu, ukumbi mzima ulikuwa ukiitikia.

Baadaye Jerioth alimshika mikono miwili. "Asante sana, dada. Sijui Tsofa amepatwa na nini."

"Wallahi, hata mimi sijui," akajibu Kuluthum, bila kupepesa.

Tsofa alirudi wakati wa Magharibi, kachoka na kakasirika, na hakumficha Mwalimu lolote. Kesho yake Jerioth akaja kibarazani.

"Dada, ungeniambia tu kwamba nimekuchukulia watoto."

"Hukuwachukua," akasema Kuluthum. "Wamekufuata wenyewe. Hilo ndilo liniumalo."

Jerioth akavua viatu. Akaketi mkekani, na Kuluthum, kwa kuwa mgeni hafukuzwi, akamtilia kahawa.

Tsofa alikaa miezi asimpigie Kuluthum harusini. Mchezo ukaendelea kuonyeshwa, na aliyeikalia ngoma ni Kuluthum mwenyewe, kwani Suad hakukubali mwingine. Sherehe za uhuru zilipofika, wimbo wa chura uliimbwa Kisauni hadi Changamwe. Watu wakimsifu Jerioth, Kuluthum alisema, "Maneno yake mepesi. Ngoma ndiyo iuchukuayo." Nao wakizidi kumsifu, yeye aligeuza uso pembeni mpaka sifa ziishe.