Babu Hakuwa na Mtani

Babu yetu mzaa mama alitoka visiwa vya Karibiani, huko ng'ambo ya pili ya bahari nyingine kabisa. Alikuja Dar es Salaam enzi za Mwingereza akichochea moto melini, akashuka, akala mbaazi za nazi za bibi yangu Mzaramo, basi, meli ikaondoka bila yeye. Akasilimu, wakaoana, wakajenga Temeke, naye akapata kazi ya useremala Chang'ombe.

Mbaazi alizipikia humohumo ndani ya wali, sufuria moja, eti ndivyo mama yake alivyopika. Majirani walimcheka wakiwa kwao, kisha wakaja kwetu na sahani. Wanafiki wakubwa, nami nawapenda mpaka kesho. Wajukuu wote tunapika hivyo hadi leo, na asiyetaka asile.

Lakini usoni hawakumtania. Ilikuwa shikamoo mzee, karibu mzee, heshima mpaka inachosha. Na Temeke ile mtu kamili alikuwa na watani. Wanyamwezi ni watani wa Wazaramo tangu zama za misafara. Msibani humwigiza marehemu na kulizuia jeneza, wafiwa wacheke. Babu alikuwa akirudi mazikoni mnyonge. Siku moja nikipepeta mchele nilimsikia akimwambia bibi kwamba yeye hana mtani, kwamba akifa atazikwa kimyakimya kama mgeni. Mie roho iliniuma, maana ilikuwa kweli.

Siku yake ikafika. Wanaume walipoinua jeneza, nyumba nzima ilikuwa kimya. Bibi alikuwa akitazama mlango, si jeneza, na nilijua anangoja nini.

Mara jirani yetu, mama wa Kinyamwezi muuza maandazi, akatokea na kofia ya babu kichwani, akitembea mwendo wake uleule wa kibaharia, miguu upande. Akajilaza kizingitini.

"Mzaramo huyu haendi popote," akasema. "Katulisha wali uliovurugika miaka yote, leo anatoroka? Sufuria kamwachia nani?"

Watu wakaangua kicheko, na machozi humohumo. Bibi akaapa kwamba wali wa hitima utapikwa na mbaazi ndani, sufuria moja, ndipo mama yule akainuka. Jeneza lilipofika mlangoni, bibi akalisogelea.

"Umesikia, mume wangu?" akasema. "Kakuita Mzaramo."