Balaa Nyumbani kwa Wambui

Nakumbuka jioni moja hapa mtaani Bondeni, mwanangu, miaka ile ya hali ya hatari, mkoloni alipokuwa akiwasaka Wakikuyu. Nilikuwa msichana wa kuposwa. Baba yangu alisomesha watoto Kurani, na jirani yetu alikuwa Wambui, aliyeuza uji kwa makuli wa stesheni. Mumewe alikuwa ameshakamatwa huko shambani kwa mzungu alikofanya kazi, na hakuna aliyejua amepelekwa wapi. Alibaki na Kamau tu, mtoto aliyekuwa ndio kwanza anaanza kusimama.

Siku hiyo askari waliwatoa Wakikuyu wote majumbani, wakawakalisha uwanjani juani kutwa nzima ili wahojiwe. Kamau alikuwa na surua. Wambui aliomba maji, akaomba ruhusa ampeleke hospitali. Akaambiwa anyamaze. Walipoachiliwa, mtoto alikuwa ameshakata roho mgongoni mwake.

Tuliingia kwake, baba na mama na mimi. Majirani walikuwa wakisema, "Balaa gani hili!" Baba alipenda sana kujua kila neno limetoka wapi. Akaketi kwenye kigoda, akasema kwa upole, "Mama Kamau, balaa ni neno la Kiarabu. Asili yake ni mtihani. Mungu humpima mja wake."

Wambui akainua uso. Hakuwa analia.

"Mwalimu, huyu alikuwa hajajua hata kusema maji. Alikuwa anapimwa nini?"

Mama yangu akainuka, akampokea mtoto, akaanza kumpangusa vumbi usoni.

Baadaye Wambui alipandishwa lori pamoja na wengine, wakaondolewa mjini. Baada ya uhuru nilimuulizia sana. Sikumpata. Baba naye alizeeka na swali lile. Aliniambia akiwa mgonjwa kitandani, "Maana ile ni ya kweli, Zuhura, lakini haikuwa ya kumpa mama yule."

Nyinyi vijana mnasema balaa mkisifu wimbo mtamu au viatu vipya, haya, semeni. Asili yake pia jifunze. Lakini ukiingia nyumba iliyofikwa na msiba, usiende kumfundisha mtu maana ya kilio chake. Kaa chini. Mshike mkono. Kama kuna kazi, ifanye.

Mungu akuepushe na balaa, mwanangu. Na likikufika, usikose mtu wa kuketi nawe.