Vidonge Ishirini na Vinne vya Vilikesa

Saa moja asubuhi, umande bado umelala juu ya reli. Vilikesa Koroitamana amechuchumaa kati ya mabehewa mawili matupu ya miwa, anachomoa pini inayoyaunganisha. Pini inatoka, lakini haondoki. Anabaki pale chini, mkono mmoja umeshika chuma. Anainuka nusu, anasubiri, ndipo ananyoosha mgongo.

"We mzee, umeota mizizi huko?" anapaza sauti Muniappa Goundar, mshika bendera wake, kutoka upande wa pili wa reli.

"Naongea na mababu. Wanauliza Muni atakuja lini."

"Waambie waanze na wewe, mwenye haraka."

Wanacheka, kisha kicheko kinakatika ghafla. Agosti iliyopita utani huo nusura uwe kweli, na si kwao wawili tu.

Vilikesa ana miaka hamsini na mitatu. Kwa miaka ishirini na sita ameendesha treni za miwa magharibi ya Viti Levu, kisiwa kikubwa cha Fiji, kutoka mashamba ya vilimani hadi kiwandani. Siku hizi anasogeza mabehewa matupu uani mwa kiwanda, mita mia mbili kwenda, mia mbili kurudi. Msimu wa kusaga miwa unaanza baada ya wiki tatu. Jumatatu atapimwa presha, na kipimo hicho ndicho kitakachoamua kama atarudi njia kuu ya reli.

"Silali vizuri," anakiri. "Mke wangu anasema nikipata usingizi napiga honi kwa mdomo."

Presha yake iligunduliwa miaka saba iliyopita: 176 kwa 104. Akapewa vidonge, akavimeza mwezi mmoja, akaacha.

"Sikuwa naumwa popote," anasema. "Nanyanyua vyuma, nakula, nakunywa yaqona, kile kinywaji chetu cha mizizi, na wenzangu mpaka bakuli linakauka. Mgonjwa gani huyo?"

Vidonge vikabaki kabatini, nyuma ya makopo ya nyama ya chumvi. Kila alipokwenda zahanati alipewa vingine, navyo akavirundika pale pale.

Ugonjwa haukumtisha. Alichokiogopa ni kile kipimo cha kila mwaka kilichoanzishwa kazini mwaka jana, maana dereva anayezidi kiwango hushushwa kwenye treni. Alimwona rafiki yake Sakiusa akishushwa hivyo. "Aliingia ofisini dereva, akatoka mfagiaji," anasema. Kwa Vilikesa ingekuwa kushuka kutoka dola 260 kwa wiki hadi 170, na nyumbani kwake wanakula watu saba.

Agosti, dereva mwenzake akamnong'oneza njia ya mkato: meza vingi siku chache kabla ya kupimwa. Vilikesa akameza vitatu asubuhi na vitatu jioni, siku nne mfululizo. Siku ya kipimo, 126 kwa 80.

"Daktari alinipa mkono. Akasema, 'Mzee, una presha ya kijana.' Nilitoka pale natembea kama bwana harusi."

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Saa saba mchana alikuwa kilimani na mabehewa arobaini na manne yaliyojaa miwa. Jua lilikuwa linachoma, na hakuwa amekunywa maji tangu asubuhi. Pini moja ilikwama. Akashuka, akachuchumaa kuigonga kwa dakika kama tano, kisha akainuka kwa pupa, akapanda ngazi, akaachia breki. Treni ikaanza kuteremka kuelekea inapokatiza barabara kuu.

"Masikio yalijaa kama niko chini ya maji," anasimulia. "Halafu rangi zikaondoka. Miwa ilikuwa kijani, ikawa kijivu. Namwona Muni midomo inacheza, sauti siisikii."

Muni alikuwa na mguu mmoja kwenye ngazi, tayari kuruka akasimamishe magari. "Nikamwambia, 'Vili, honi!' Kimya. Nikadhani ananitania, maana huyu na mimi tumetaniana tangu ujana. Kisha nikaona macho yake yanatazama mahali ambapo hapana kitu. Akaanguka kama gunia."

Muni akarudi ndani, akamkanyaga mwenzake kifuani kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine ya kusimama, akavuta breki kwa mikono miwili. Magurudumu yakalia. Mbele yao gari dogo la turubai lililobeba kinamama waendao sokoni lilikuwa linakatiza reli. Dereva wake hakuwa amesikia honi yoyote.

Treni ilisimama pua yake ikiwa katikati ya barabara. Gari lilikuwa limepita kwa pengo la mkono mmoja.

"Mama mmoja alinitupia tusi ambalo sijawahi kulisikia tena," anasema Muni. "Nililipokea kwa mikono miwili. Maiti hawatukani."

Chini sakafuni Vilikesa alifumbua macho. Kulala ndiko kulikorudisha damu kichwani. Akataka kuinuka, Muni akamzuia.

"Sema niliteleza," akanong'ona.

"Nini?"

"Msimamizi akija, sema niliteleza. Cheti kiko mfukoni, Muni. Wamenipa leo hii."

"Uliteleza umesimama?"

"Ndugu yangu, nina familia."

"Na wale kinamama hawana?"

Msimamizi akaja na pikipiki, vumbi likimfuata, akauliza kulikoni. Muni hakujibu. Alikaa juu ya reli akiitazama bendera yake.

"Angenisema, ningekana," anasema Vilikesa. "Nilikuwa na maneno tayari. Lakini alinyamaza tu. Nikajisikia nasema, 'Bosi, nimemeza vidonge.'"

Kwenye zahanati alipokelewa na Sista Laisani Dranibaka, muuguzi anayejulikana tarafa nzima kwa mdomo wake. Alimpima amelala, ikawa 108. Alipomsimamisha ikashuka hadi 76. Akamkalisha.

"Umemeza vingapi?"

"Vichache."

"Vilikesa."

"Ishirini na vinne. Kwa siku nne."

Sista Laisani anasema alitamani kumpiga kibao, ila alihofia presha itashuka zaidi. Badala yake akamgusa chini ya taya, huku na huku.

"Hapa shingoni, na karibu na moyo, kwenye mishipa mikubwa kuna neva zinazohisi mshipa ukitanuka. Ukisimama, damu inakimbilia miguuni. Neva zinapeleka habari kwenye ubongo, moyo unaongeza mapigo, mishipa inajibana, damu inapanda. Yote hayo kabla hujamaliza kusema 'haya, twende'. Figo zina kazi ya polepole. Presha ikizidi zinatoa chumvi na maji kwenye mkojo, ikipungua zinayazuia yasitoke."

"Kama mwili unajirekebisha wenyewe, yangu ilipandaje?" akauliza Vilikesa, kama mtu anayetafuta mwanya.

"Umeulisha chumvi miaka nenda rudi kuliko figo zako zinavyomudu. Mishipa imekakamaa. Neva zimepiga kelele mpaka zimezoea. Kwao mia na sabini ndiyo kawaida. Ndiyo maana husikii maumivu. Sasa wewe umeishusha kwa siku nne. Dawa imelegeza mishipa, maji mwilini yamekwisha, jua linawaka, umechuchumaa, unainuka ghafla. Neva zimeita, mishipa haikuweza kujibana. Ubongo umekosa damu."

"Kwa hiyo dawa ni mbaya."

"Dawa ni nzuri. Mmezaji ndiye mbaya."

Vilikesa alisimamishwa kazi miezi miwili, kisha akapelekwa uani. Wenzake wengine walimwita msaliti, kwa kuwa siri ya vidonge haikuwa yake peke yake. Wengine waliacha kumkaribisha kwenye yaqona.

Jambo moja halikumpa raha mpaka alipolifanya. Alibeba fungu la mizizi ya yaqona, kama mila ya kuomba radhi inavyotaka, akaenda kijijini kwa wale kinamama, akapiga magoti mbele yao, akaomba radhi. Miriama, yule mwenye tusi, akamwacha pale chini muda mrefu.

"Ulikuwa wapi na honi yako?" akamuuliza.

"Nilikuwepo, mama. Ila sikuwepo."

Miriama akaivuta mizizi upande wake. "Tumepokea. Inuka, magoti yako yanapiga kelele."

Tangu hapo anameza dawa kama alivyoandikiwa, kila asubuhi, mbele ya mkewe Akanisi. Makopo ya nyama yameondoka kabatini. Akanisi anapika samaki kwa tui na ndimu bila chumvi, na kwa wiki za kwanza Vilikesa alikula akiwa amenuna. Presha imeshuka polepole, mwezi baada ya mwezi: 168, 159, 152. Wiki iliyopita ilikuwa 147. Kiwango cha kazini ni 150.

Nafasi kati ya 147 na 150 ni finyu, na hofu peke yake inaweza kuila. "Nikiogopa inapanda," anasema. "Nikijua imepanda, naogopa zaidi."

Juzi, mtu mmoja alimfuata nyuma ya karakana. Akamshauri aongeze kidonge kimoja tu Jumapili, kimoja hakimdhuru mtu. Vilikesa hamtaji jina. Anasema alisimama naye muda mrefu kuliko ilivyostahili, na vidonge vilikuwa mfukoni.

Ameandika barua kwa msimamizi, akiomba madereva wote wapimwe kila wiki na anayezidi apewe muda wa kutibiwa kabla ya kushushwa. Madereva ni kumi na mmoja. Saba wametia sahihi, na Sakiusa pia, ambaye si dereva tena lakini alidai kalamu. Msimamizi bado hajajibu.

Filimbi ya kiwanda inalia. Vilikesa anafuta grisi mikononi kwa kitambaa.

"Jumatatu nitameza kile kimoja changu, nitakunywa maji, nitakaa kwenye kile kiti cha kupimia," anasema. "Nataka njia kuu, sitakudanganya. Naiota. Lakini wakinikataa, safari hii watakuwa wamenikataa mimi mwenyewe."